Tarime: Marehemu kaacha ng'ombe, nyumba na bunduki

Msomaji wangu, zipo safari za kwenda kuponda raha na zipo safari za kumsindikiza mshikaji kwenye shida zake. Hii ninayokusimulia leo ni ya aina ya pili, ingawa raha kidogo niliipata njiani, subiri utaona.

Mshikaji mwenyewe tunauza naye simu Kariakoo, meza yake na yangu zinatazamana. Alifiwa na mshua wake huko kwao wilayani Tarime. Mazishi sikuwahi. Mwezi mmoja baadaye akapigiwa simu kwamba anatakiwa nyumbani haraka, ukoo unakaa kikao. Nikamuuliza kuna nini tena? Akanijibu taratibu kama mtu anayetaja bei ya chaja: "Mzee kaacha ng'ombe, nyumba na bunduki. Ng'ombe na nyumba havina tabu."

Bunduki! Kesho yake alfajiri nikawa nimefunga meza na nimo kwenye basi pembeni yake. Jina lake siliandiki, na hata ningeliandika lisingekusaidia kitu. Simama stendi ya Tarime upige kelele "Chacha!" watageuka watu ishirini, kisha ita "Mwita!" watageuka waliobaki.

Safari ni ndefu, tusidanganyane. Ila ukishafika Lamadi usingizi unakwisha wenyewe, maana mkono wako wa kulia ndiyo Serengeti hiyo, na lango la Ndabaka liko pale pale barabarani. Unapita Bunda, unafika daraja la Kirumi, Mto Mara umetanda chini na mafunjo yake kijani kibichi. Kutoka hapo gari linaanza kupanda, na sisi wa Bongo tuliozoea jasho tukaanza kutafuta makoti. Tarime ni baridi bwana! Migomba, mahindi, kahawa, vilima juu ya vilima, na mpaka wa Kenya pale Sirari hauko mbali.

Mjini nilikaribishwa kichuri. Kama hukijui, ni supu ya nyama inayotiwa uchungu wa tumboni mwa ng'ombe mwenyewe. Kijiko cha kwanza nilikunja uso, cha tatu nikauliza kama kuna nyingine. Wazee waliokaa meza ya jirani wakacheka: "Mura, huyu mgeni wako atafika!" Mura ni kijana, na huko ukiitwa mura ujue umepokelewa.

Mjini Dar tumezoea kumtania Mkurya kwa mambo ya panga na ubabe. Nami nilikwenda na utani huo mfukoni. Nakuambia ukweli, niliurudisha bila kuutoa.

Nyumbani kwa marehemu tulifika jioni. Bi mkubwa akatupokea, akalia kidogo na mwanawe, kisha akatuonyesha pa kulala. Chumbani kwa marehemu, chini ya kitanda, kulikuwa na sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu. Tupu. Shotigani yenyewe ilipelekwa kituo cha polisi wiki ile ile ya msiba, mtendaji wa kijiji akishuhudia. Ufunguo wa sanduku bi mkubwa kaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Mimi nilidhani bunduki inarithiwa kama redio. Kumbe leseni ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo. Mwenye leseni akifa, leseni nayo imekufa, na bunduki inarudi mikononi mwa polisi mpaka apatikane mtu aombe upya na akubaliwe. Ukiikalia kimya kwa kisingizio kwamba ni ya baba, basi unamiliki silaha bila kibali, na kosa hilo nchini kwetu linaweza kukufikisha kwenye kesi ya uhujumu uchumi. Si mchezo.

Sheria yenyewe ina historia. Tulikuwa na ya mwaka 1991, ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwaka uliofuata, 2016, wenye silaha nchi nzima wakatakiwa kuzipeleka zihakikiwe. Marehemu alikuwa wa mwanzo kwenda kijijini kwao, kavaa koti lake la Pasaka. Na wasio na vibali nao hawakusahauliwa, kwani kuna vipindi Serikali imetangaza msamaha kwa anayesalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ilivyokuwa mwaka 2023.

Kesho yake wazee wa ukoo wakaja, nami nikaruhusiwa kukaa pembeni. Hoja yao ilikuwa moja: boma hili lina ng'ombe kumi na mmoja, liko njia ya wezi, haliwezi kubaki bila bunduki. Kijana mkubwa aombe leseni.

Mshikaji akawajibu kwa heshima kwamba yeye anaishi Dar. "Wazee wangu, nikiomba mimi bunduki itakaa na mimi Ubungo. Italinda ng'ombe gani?" Wazee wakanong'ona. Mmoja akasema basi aombe mdogo wake, dogo wa miaka 28 anayeshinda na mifugo. Dogo macho yakamng'aa. Bi mkubwa, aliyekuwa anamimina chai, aliweka birika chini na kuondoka bila neno.

Sasa msomaji, usije ukawaona wazee hao ni wapenda vita. Wizi wa ng'ombe Tarime una miaka mingi kuliko mimi na wewe. Zamani ilikuwa upinde, mishale na panga. Kisha ikaja vita ya Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Wakurya wengi walikuwa jeshini, na vita ilipokwisha bunduki za kivita zilianza kuonekana kwenye wizi wa ng'ombe. Mtafiti mmoja, Michael Fleisher, aliishi huko miaka ya 1990 akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na anaeleza jinsi wizi uliokuwa wa ujana na mahari ulivyogeuka biashara ya kuvusha ng'ombe mpaka Kenya. Ukiwa na upinde ukasikia SMG inalia bondeni, unamwachia ng'ombe wako aende na unashukuru Mungu.

Wananchi hawakukaa bure. Iritongo, mkutano wa jadi wa Wakurya, uliwahoji wezi hadharani, na sungusungu walioanzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 wakaingia Mara pia, wakapewa nguvu ya kisheria mwaka 1989. Leo Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, jambo linalokuonyesha uzito wa eneo lenyewe. Lakini mzee mmoja aliniambia hivi: "Mura, polisi wako mjini. Mwizi yuko hapa."

Nikamuuliza, sasa shotigani ya risasi mbili itamfanya nini mwenye SMG? Akacheka. "Haimfanyi kitu. Ila anajua ipo, basi anapita boma la jirani." Jirani yake alikuwa amekaa hapo hapo, naye hakucheka.

Kabla ya uamuzi, mila ikataka mjomba naye aulizwe. Mjomba mtu anaishi wilaya ya Serengeti, upande wa Mugumu. Tukadandia gari asubuhi, njia ya Nyamwaga, tukapita jirani na Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, tukavuka tena Mto Mara, vumbi likatupaka rangi moja wote. Kadiri unavyosogea, migomba inapungua, nyasi zinaongezeka, mpaka unaona kabisa kwamba umeingia nchi ya wanyama.

Mjomba ni mzee mwembamba mwenye maneno machache. Shamba lake la mahindi liko karibu na hifadhi, na alitutembeza tukaone. Ekari nzima imelala chini kama imepitiwa na greda. Tembo, usiku mmoja. Akatuonyesha kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, mabati ya kugonga, tochi kubwa na kibanda juu ya mti ambako vijana wanalala kwa zamu. Bunduki hana.

"Nilikuwa na gobore la baba yangu," akatuambia. "Mwaka 1989 wakati wa Operesheni Uhai nililipeleka mwenyewe. Waliochelewa walikiona." Operesheni Uhai ilikuwa ile ya jeshi na polisi dhidi ya majangili walioteketeza tembo. Nyingine, Tokomeza, ilikuja Oktoba 2013, ikasimamishwa mwezi uliofuata kwa malalamiko ya wananchi kuteswa, na mawaziri wanne wakapoteza kazi Desemba ile ile. Kwa hiyo ukiwa jirani wa Serengeti halafu ukakutwa na gobore, hakuna atakayekuuliza habari za mahindi yako. Wewe ni jangili mpaka useme vingine.

Nikamuuliza kama angependa kuwa na bunduki leo, ya kibali. Alifikiri sana. "Tembo ni wa Serikali. Nikimpiga nafungwa, nisipompiga nalala njaa. Ninachotaka ni askari wa wanyamapori afike usiku ule ule, na kifuta jasho kifike mwaka ule ule." Kifuta jasho ndiyo malipo ya Serikali kwa aliyeharibiwa shamba na mnyama. Jina lenyewe linakwambia kwamba si fidia.

Usiku, tumekaa motoni nje, mshikaji akamweleza habari ya kikao. Mjomba akanyamaza, kisha akamuuliza: "Baba yako aliwahi kukwambia kwa nini alikaa kwangu wiki mbili ule mwaka wa vita?"

Hakuwahi. Basi mjomba akasimulia, na hapo hata moto tulisahau kuuchochea.

Miaka ya 2000 koo za Tarime zilipigana mara kadhaa. Wanchari na Walenchoka walitajwa sana magazetini, ila koo za kisa hiki nimeombwa nisizitaje. Kulikuwa na ugomvi wa ardhi na ng'ombe, nyumba zikachomwa. Vijana wa ukoo wakaja usiku kwa marehemu: "Mzee, toa bunduki." Yeye ndiye pekee kijijini mwenye bunduki ya halali. Kwao ilikuwa ya ukoo, yeye mtunzaji tu. Marehemu akawaambia haipo. Wakapekua. Sanduku tupu.

Kumbe mchana ule, alipoona vijana wanakusanyika, aliifunga kwenye gunia la mkaa, akapanda baiskeli na kwenda kuikabidhi polisi waitunze. Kisha akarudi nyumbani kuwasubiri waje.

Walimtukana. Walimwita mtoto asiyetahiriwa, na kwa mwanaume wa Kikurya sidhani kama kuna tusi zaidi ya hilo. Alfajiri akavuka kuja kwa shemeji yake Serengeti, akakaa kimya wiki mbili. Ugomvi ulipopoa akarudi, akaichukua bunduki yake, akaendelea kulinda ng'ombe. Wale vijana leo ni wazee, na wawili walikuwa kwenye kikao chetu wakinywa chai yetu.

"Mnauliza nani anafaa kupewa bunduki," mjomba akasema. "Mimi nauliza nani anaweza kuinyima ukoo wake."

Mshikaji hakulala usiku ule, nilimsikia anageuka geuka. Mimi pia niliwaza. Marekani wana katiba inayotaja haki ya raia kubeba silaha, marekebisho yake ni ya mwaka 1791, na wana chama cha NRA tangu 1871 kinachowabana wanasiasa. Majirani zetu Kenya nao wana chama chao cha wamiliki wa bunduki, na Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i alipofuta leseni zote na kutaka kila mwenye silaha achujwe upya, wamiliki hawakukosa wa kuwasemea. Kwetu bunduki ni ruhusa, haijawahi kuwa haki. Mmiliki wa kijijini Tarime hana chama wala wakili. Msemaji wake ni majirani zake, maana maombi yanaanzia hapo hapo kijijini, kwa watu wanaomjua, ndipo yapande kata, wilaya na polisi mkoa. Sisi wa mjini tukisikia hivyo tunaona ni urasimu. Nikiwa Mugumu niliona kwamba pengine ndicho kipengele chenye akili kuliko vyote, ikiwa tu majirani watasema kweli.

Na je, watasema? Tulirudi Tarime tukaenda kujionea.

Kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji ilikaa chini ya mwembe. Barua ya dogo ikasomwa: anaomba kumiliki shotigani ya marehemu baba yake kwa ajili ya kulinda mifugo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu mwenendo wa mwombaji. Kimya. Wazee wa ukoo wakatazama viatu vyao. Kila mtu pale alijua jambo moja, na hakuna aliyetaka kulisema mbele ya kijana mwenyewe, maana kesho mtakutana kisimani.

Mshikaji akainuka nusu, akakaa. Nilimwona. Ni mdogo wake wa damu.

Ndipo bi mkubwa akaomba kusema. Alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake.

"Huyu nimemzaa mimi. Ni mchapakazi, hana wizi, hana uongo. Lakini akinywa ananivunjia mlango. Mnataka nilale chumba cha pili na mtoto, pombe na bunduki?"

Ukimya uliofuata sijawahi kuusikia tena. Mzee mmoja akajaribu: "Mama, na ng'ombe je?"

"Ng'ombe nitauza, nibaki na wanne. Wanne naweza kulala nao ndani. Baba yao aliikabidhi bunduki mlipoihitaji sana, na nyumba haikuanguka. Haitaanguka leo."

Msomaji, wale wazee wawili waliinamisha vichwa. Dogo akatoka mbio, akapotelea migombani. Nikajua usiku huo hapatakalika. Kamati ikaandika kwamba maombi hayakupendekezwa kwa sasa, mwombaji anaweza kuleta tena baada ya kujirekebisha. Bunduki ikabaki ilipo.

Sikudanganyi nikakwambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Wezi wapo. Usiku ule nililala na sikio nje, kila mbwa akibweka nahesabu ng'ombe. Huyo mama anaweza kuibiwa wiki ijayo, na wazee wakasema si tulisema? Jirani yule ambaye hakucheka atakuwa wa kwanza. Hoja yao si ya kijinga na mimi sina jibu lake. Ninachojua ni kwamba kwa mwenye boma hatari iko nje, na kwa bi mkubwa iko ndani. Fomu ina nafasi ya moja tu.

Asubuhi tunaondoka tulimkuta dogo anaziba ua wa zizi kwa miba mipya. Hakutusalimia, ila alipomaliza alibeba begi la kaka yake mpaka barabarani. Walisimama hapo wakibonga kwa Kikurya kwa muda mrefu, nami nikajifanya nakagua matairi ya gari.

Bi mkubwa alitupa sukari guru ya njiani. Nikamuuliza kwa utani, mama, na lile sanduku la chuma sasa litafanya kazi gani? Akafungua pindo la khanga, akanionyesha ufunguo.

"Nimeweka hati za shamba na sukari," akasema. "Wajukuu hapa ndio wezi wakubwa."

Haya, safari imeishia hapo. Ukienda Tarime kula kichuri, chukua koti, na ukiitwa mura itika. Tukijaliwa, tuonane toleo lijalo.